Mzigo wa Dada Njia ya Mofu

Hiki ni kipande tu cha njia. Ukiifuata yote inatoka Ifakara, inapanda na bonde kupitia vijiji vya mpunga hadi Mlimba, kisha inaingia milimani kwa Wabena. Baba aliitembea nzima akiwa kijana, akilala kwa watu asiowajua. Mimi nimeishi Dar, Tunduru, Chunya na kwingine ambako sikumaliza hata mwaka, na kote huko, usingizi ukikataa, nilikuwa naitembea njia hii kichwani: udongo mweusi, matete, milima ya Udzungwa mkono wa kulia.

Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, niliitembea kwa miguu yangu, kipande cha kwenda Mofu, pamoja na dada yangu.

Dada ni kifungua mimba wa mama, mimi ni kitinda mimba. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunacholala shambani msimu wa mpunga, akavunjika nyonga. Ikaunga, lakini vibaya. Tangu hapo alikuwa Mlabani, pale Ifakara, kwa binti yake, fundi cherehani, akikaa kibarazani na kuokota vipande vya vitambaa. Shamba walilima wengine. Sasa alitaka kurudi. Binti yake hakutaka kusikia, wakabishana wiki nzima, mpaka binti akatoa sharti.

"Mama, masika pikipiki haifiki kule. Ukiugua utatoka kwa miguu. Basi nenda kwa miguu sasa, njia ikiwa kavu, na mzigo wako kichwani. Ukifika, lima. Ukishindwa, shamba tunakodisha na hatulizungumzi tena." Akanigeukia. "Na wewe mjomba, usimbebee hata kijiko. Jioni unipigie uniambie kweli. Nyie wawili nawajua."

Gari lilitushusha njia panda asubuhi, jua likiwa bado la upole. Dada akakunja ngata yake, akajitwisha: mbegu za mpunga, sufuria, chandarua, na jembe lisilo na mpini. Mimi nilibeba maji na maandazi. Akatangulia. Kwetu aliye mzito wa mwendo ndiye anayetangulia, ili asiachwe. Sikumbuki dada kuwahi kutangulia kwa sababu hiyo. Nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni njia hii hii, na bado mama alikuwa akimpigia kelele apunguze mwendo.

Ng'ombe walipita pale wakati wa matope, na sasa alama za kwato zilikuwa zimekauka ngumu kama matofali. Mtu mzima wa miguu yote miwili anateguka pale. Dada alitafuta pa kukanyaga kama anayechambua mchele. Nilitembea nyuma yake, mikono ikiniwasha.

Nyumba ya kwanza akasimama, akatua mzigo, akasalimia. Akauliza habari za watoto, za kuku, za jirani aliyehamia kijiji cha Mbingu. Nyumba ya pili vile vile. Ya tatu hatukumkuta mtu ila binti mdogo aliyekuwa anatwanga, naye akamwamkia dada shikamoo, na dada akamuuliza habari za ukoo mzima mpaka mtoto akaishiwa majibu. Nikaanza kuona jua linatuacha.

"Dada, hawa wote unawafahamu?"

"Nitawafahamuje nisipowasalimia?"

Ilikuwa nyumba ya nne nilipomwona akishika paja kwa chini ya kanga na kulibonyeza, huku anacheka na mwenye nyumba. Hapo nikaelewa. Sikuuliza tena. Nyumba ya tano mimi ndiye niliyepiga hodi.

Baada ya hapo nyumba zikaisha. Tulikutana na mwanamume mwenye baiskeli, nikamuuliza kivuko kiko wapi.

"Hapo tu," akasema.

Dada akacheka kwa pua. "Hata ungekuwa unakwenda Songea angekwambia hapo tu. Mtu wa njiani hakatishwi tamaa."

Ile hapo tu ilitufikisha saa nane. Kivuko ni mto mdogo. Wakati ule maji yalikuwa ya magoti, masika unavushwa kwa mtumbwi. Pembeni palikuwa na kibanda na mwanamke wa makamo ya dada akigeuza kambale kwenye chanja, macho yamejaa moshi. Ni Mndamba, na sisi ni Wapogoro; tumetaniana nao tangu mababu.

"Simameni! Wapogoro hawapiti hapa bure!"

"Salimia kwanza," dada akajibu. "Au Wandamba bado hamjafundishwa?"

"Nikusalimie wewe, mtu anayeogopa maji hata ya kunawa?"

"Afadhali mimi. Wewe unanuka kambale mpaka kanisani, padri anakuruka."

"Nilisikia umeanguka dunguni kama papai. Kilio changu nilikiandaa, hadi kanga nyeusi nikaazima. Sasa unakuja kuniaibisha mzima mzima!"

Dada akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu aanguke. Kisha akataka kuinuka na mguu ukakataa. Akajaribu tena. Akashika nguzo ya chanja, kambale wakatikisika, na uso wake ukabadilika. Mimi nikapiga hatua, akanitazama kwa jicho lililonirudisha. Shamba lilikuwa ng'ambo, tunaliona, na msimu wake ulikuwa unaishia pale.

Yule mwanamke akafuta mikono kwenye kanga. Akaja, akaubeba mzigo wote kutoka chini, akajitwisha.

"Huu wangu. Mpogoro akipita kwangu na mbegu, mbegu ni zangu. Ukizitaka nifuate."

Mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki, na huwezi kumpokonya. Ndivyo ilivyo. Akaingia majini anatutukana bila kugeuka nyuma. Dada akainuka taratibu, mikono mitupu.

"Umeona nimenyang'anywa?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi."

Tulifika kabla ya jioni. Mtani alitua mzigo chini ya dungu, akachota viganja viwili vya mbegu kama ushuru wake, akarudi kwa kambale wake. Dada aliipanda ngazi kipago kwa kipago, akakaa juu anatazama shamba.

Mtandao hupatikana dunguni. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri tangu mtoni, lakini sauti ya binti ilipotoka kwenye simu nikaona siwezi. Anamtaka mama yake akiwa hai, basi.

"Amefika," nikasema.

"Na mzigo?"

"Alibeba mpaka kivukoni. Pale mguu ukagoma. Akanyang'anywa na mtani, Mndamba mmoja, akamfikishia."

Nilisikia cherehani ya mwenzake ikikimbia. Dada alikuwa ananitazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Huyo mtani anaishi wapi, mjomba?"

"Pale pale kivukoni. Mumewe ndiye mwenye mtumbwi."

"Masika wanahama?"

"Hawahami. Ndiyo wakati wao wa kuvua."

"Nipe namba yake."

Sikuwa nayo. Kesho yake asubuhi nikarudi mtoni peke yangu, nikamweleza yule mwanamke kila kitu, na sharti lenyewe. Alisikiliza huku anapanga kuni. Akanitajia namba, akanitaka niisome mara mbili ahakikishe sikukosea.

"Mwambie huyo mtoto nitakuwa naenda kumchungulia mama yake kila jioni," akasema. "Na nikimchoka namtupa majini."