Mtungi wa Manjano Kwenye Shimo la Moshi

Siku ninayoikumbuka zaidi katika ujana wangu, mwanangu, ilianza na vumbi la lori. Lori lilikuwa linakuja kijijini kwetu Biliqo kutoka Isiolo, nasi wanawake tukaliona kwa mbali, tukaacha kila kitu tukakimbia. Ilikuwa miaka ya sabini, mwisho-mwisho wake, na mimi nilikuwa nimeolewa hapo juzi tu. Sikusoma sana, kwa hivyo utanisamehe nikichanganya mambo. Lakini lile vumbi nalikumbuka vizuri, na rangi iliyotokea ndani yake.

Manjano! Mitungi ya plastiki, mitupu, imefungwa kwa kamba juu ya magunia ya sukari, inang'aa kwa jua kama vitu vya sherehe. Ilikuwa imekuja nchini na mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo, na ubavuni ilikuwa na maandishi ambayo hata dereva hakuweza kuyasoma. Mafuta yaliliwa mjini, mitungi ikatufikia sisi. Aliyeileta alikuwa Akiru, mwanamke wa Kiturkana aliyefanya biashara Isiolo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mbuzi waliopotea.

"Habari zenu, kina mama! Shika hii, sikia vile ni nyepesi! Ukianguka nayo haivunjiki, wewe ndiye utavunjika!"

Nilishika. Mwanangu, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Maisha yangu yote nilikuwa nimebeba maji kwa vyombo vizito vya mbao, na hapa nilikuwa nimeinua kitu kikubwa kwa kidole kimoja! Nilinunua palepale, nikapita nacho manyatta nzima, nyumba kwa nyumba, nikikipiga kama ngoma.

Tena nilikuwa na sababu kubwa kuliko maji. Dada yangu mdogo, Talaso, alikuwa anaolewa Chechelesi, pale Isiolo mjini, na mama alikuwa ametuma neno: maziwa ya ngamia ya kuwapokea wakwe yatoke kwangu. Kwetu mgeni wa harusi hupewa maziwa kabla ya neno lolote. Yakikosekana, au yakiwa yameharibika, wakwe hawasemi kitu pale, ila wanaenda kusema kwao, na bibi harusi ndiye anayeishi na maneno hayo. Lori lilikuwa linarudi Isiolo kesho yake asubuhi. Gorfa zetu, yaani vile vyombo tunavyosuka kwa nyuzi za mizizi, zinatunza maziwa vizuri sana, lakini kwenye lori, kwa njia ile ya mawe, kifuniko kinaruka na maziwa yanamwagika. Mtungi una kizibo cha kukaza. Basi nikajitapa mbele ya wote kwamba maziwa ya Talaso yataenda kisasa.

Nyanya yake mume wangu, ambaye sote tulimwita Akko, ndivyo tunavyoita nyanya, alikuwa fundi wa kusuka gorfa kuliko wote pale. Alinusa mdomo wa mtungi, akanitazama.

"Umefukiza?"

"Bado, Akko."

"Na unataka kutia maziwa?"

Hakuna mwanamke wa Kiborana anayetia maziwa kwenye chombo ambacho hakijafukizwa moshi. Moshi ndio unaozuia yasiharibike, ndio unaoyapa ladha. Na jinsi ya kufukiza kila msichana anajua: unatia makaa ya moto ya mti mzuri ndani ya gorfa, unafunika, unatikisa mpaka moshi uingie kila mahali. Nilijua kazi hiyo tangu utoto. Nikaleta makaa, nikayatumbukiza, nikafunika, nikatikisa.

Sikutikisa sana. Kitako cha mtungi kilishuka kama uji, makaa yakaangukia miguu yangu, na harufu iliyotoka hapo iliwakimbiza hata mbuzi. Mtungi wangu mpya ulijikunja ukawa kitu kisicho na jina.

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Akiru alikuja mbio kutoka kwenye lori. "Wewe! Ati umeuchoma kutoka ndani? Hata mimi sijawahi kuona mtu wa kuchoma mtungi kutoka ndani!" Mimi nililia. Jua lilikuwa linashuka, na akilini nilimwona Talaso mbele ya wakwe na chombo kitupu.

Akko hakucheka. Nilidhani atasema tupa takataka hiyo, na angekuwa na haki, maana kila mtungi uliouzwa siku ile ulikuwa gorfa moja ambayo hangeombwa tena kuisuka. Alijua hivyo. Sisi sote tulijua. Alichosema ni hiki:

"Mgeni amekuja kutoka mbali, nawe umemlisha moto kabla ya kuuliza anakula nini. Kosa si lake."

Kisha akaushika ule mtungi ulioharibika, akaugeuza, akauminya kwa vidole. "Hii ni kama ngozi," akasema. "Ngozi yangu mimi naifukiza kila wiki, na haijaungua."

Halafu tukaelewa wote kwa mara moja, tukaanza kupiga kelele! Ndani ya nyumba ya kila mwanamke aliyeolewa kulikuwa na shimo dogo la moshi. Unatia humo vijiti vya harufu nzuri juu ya makaa machache, unakaa juu yake umejifunika nguo, na moshi unapanda mwilini bila kukuchoma. Bibi harusi hufukizwa hivyo.

"Akiru, lete mtungi mwingine," Akko akasema.

"Ule mwingine ni wa kuuza, Akko! Ukiuchoma?"

"Nikiuchoma nakupa gorfa."

Akiru alikuna kichwa. Nimtendee haki: angeweza kukataa, biashara yake ilikuwa changa. Lakini aliulaza mtungi mapajani pa Akko kama mtu anayekabidhi mtoto. "Haya. Lakini nasimama hapa hapa, naangalia."

Tuliuosha kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikauma. Akko akapunguza makaa, akaweka vijiti, akaupindua mtungi mdomo chini juu ya shimo, si karibu, akaufunika kwa shuka yake mwenyewe. Ulikaa pale kama bibi harusi kweli, na wanawake wakaanza kuuimbia kwa utani. Akiru alikuwa anaugusa kila mara. "Umepata joto! Hapana, bado uko sawa. Ai, Akko, usinifilisi!"

Haukuungua. Ulipoinuliwa, moshi ulimwagika kutoka mdomoni polepole, na Akiru ndiye aliyeruka wa kwanza.

Asubuhi nilipanda lori nimekumbatia mtungi uliojaa. Kule Chechelesi, shangazi mzee wa bwana harusi ndiye aliyeonja kwanza. Mama yangu alikuwa ameshika ukingo wa leso. Shangazi yule alimeza, akauliza, "Gorfa ya maziwa haya imesukwa na nani? Huyu anajua moshi." Mama akaonyesha ule mtungi wa manjano. Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, na Talaso, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia kama ilivyotakiwa, akacheka kwa sauti mpaka akakanywa.

Lakini nisikudanganye, mwanangu. Mimi nilipoonja, nilisikia mafuta kwa mbali, chini ya moshi. Au labda ilikuwa wasiwasi wangu tu. Na baada ya hapo mitungi ilikuja mingi. Migongo yetu ilipumzika, na maziwa ya wanawake wa Biliqo yakaanza kupata soko mjini. Akko mwenyewe alichukua mmoja wa maji, akausifu. Lakini watu waliomwomba gorfa walipungua, na miaka ya themanini tulianza kuokota vipande vya plastiki katika matumbo ya mbuzi waliochinjwa. Yote mawili ni kweli, na mimi siwezi kukuambia lipi ni zito zaidi.

Ninachoweza kukuambia ni hiki. Kitu kikija kutoka mbali, kifurahie, hakuna dhambi. Mimi mpaka leo nikikumbuka ule wepesi mkononi nafurahi. Lakini kabla ya kukijaza, kishike, kigeuze, uulize kinaweza nini na kinashindwa na nini. Usikitumie kwa mazoea, wala usitupe ulichofundishwa nyumbani, maana hicho ndicho kitakachokusaidia kukitumia. Tena mtazame yule ambaye kazi yake inachukuliwa. Akko alitusaidia huku akijua anapoteza. Mimi niliomba anifundishe kusuka, nikachelewa, nikajifunza vibaya. Gorfa zangu zinavuja kidogo. Wewe njoo ujifunze mapema, hata kwangu mimi ninayekosea.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na ngamia wenye maziwa. Akupe wageni wengi, akupe na akili ya kuwapokea. Na siku utakayochoma chombo chako mbele za watu, awepo mzee wa kukukemea bila kukucheka, na rafiki wa kukukopesha mwingine. Amani iwe nyumbani kwako.