Mering na Ngoma ya Sahani

Pale Purus, mtaa wa ufukweni mjini Padang, Indonesia, watu wakimwona Mering anakuja, ghafla walikumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Hawakumchukia, walimchoka. Mfilipino huyu wa kisiwa cha Leyte aliletwa na shirika dogo kuwafundisha kujiandaa kwa tetemeko na mawimbi yanayolifuata, na kila alipokaribishwa chai aliuliza, "Ardhi ikitikisika sasa hivi, mtatokea wapi?" Wakambandika jina: Mama Tetemeko.

Jioni alikula wali peke yake mbele ya feni. Kwao hakuwa na wa kumpigia simu. Mama yake alichukuliwa na maji ya tufani kwa sababu alikataa kuiacha cherehani yake.

Upweke ulipomzidi, akaazimia kujaribu mambo mageni. Alijifunza pikipiki, akaishia mtaroni. Alikwenda kutazama mbio za fahali matopeni, akarudi ametapakaa uso mzima, na hana wa kucheka naye. Mwishowe akaomba kujiunga na wanawake wa ngoma ya sahani: sahani kila kiganja, pete kidoleni ya kuigongea, mikono ikizunguka mpaka juu ya kichwa.

"Ibu Mering, umekuja kucheza au kutukagua?" aliuliza Yusmanidar, muuza samaki mnene aliyekuwa kiongozi wao. Wote walimwita Uni, yaani dada mkubwa, kama Mering alivyoitwa Ibu, yaani mama.

"Kucheza tu, Uni."

"Haya. Ukitaja tetemeko, utaosha vyombo vyote!"

Wakaangua kicheko, naye akacheka. Alivunja sahani nyingi kuliko alizozungusha, lakini akawa anaingoja Jumapili, siku ya ngoma, kama mtoto anavyoingoja sikukuu.

Jumapili moja, katikati ya wimbo, sakafu ilisukwasukwa. Vikombe viligongana kabatini, na mtikisiko ukakawia kuisha. Mering akapaza sauti:

"Kilimani! Acheni kila kitu!"

"Limeshapita, Ibu," mmoja alisema. "Haya madogo tumezaliwa nayo."

"Msingoje king'ora! Uni, tafadhali!"

"Kaa unywe maji, mwenzangu. Unatetemeka kuliko hiyo ardhi."

Walicheka tena. Safari hii Mering hakucheka. Alitoka mbio hadi kilima chenye makaburi ya Wachina, akapanda ngazi bila kupumzika. Alipofika juu aligeuka. Hakuna aliyemfuata.

Chini, bahari ilikuwa shwari. Ngoma ilianza tena, na mlio wa pete juu ya sahani ukamfikia pale aliposimama kati ya wafu asiowajua. Aliomba maji yasije. Kisha, kwa aibu, akajikuta anatamani kidogo tu yaje, wajue hakuwa mwendawazimu. Wazo hilo likamliza.

Baadaye alisikia mtu anahema ngazini. Ni Uni, na mkononi ana wali uliofungwa kwenye jani la mgomba.

"Bahari imekuja?"

"Haijaja."

"Basi mimi nimekuja."

"Umeyakimbia maji, Uni?"

"Maji gani! Watu wanakula, wewe huonekani. Chakula kikanikwama kooni."

Wakala pamoja. Kisha Mering, kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile, akasimulia habari za mama yake na cherehani. Uni hakumpa pole. Alitafuna polepole, akayatazama mapaa ya soko.

"Mimi ningeirudia mizani yangu ya samaki," alisema.

"Najua. Ndiyo maana napiga kelele."

Uni akateremka, samaki wake walikuwa wakiharibika. Mering alimsihi asubiri, lakini hakusubiri. Akabaki peke yake mpaka ujumbe ulipofika kwamba hakuna hatari.

Mkataba wake ulipokwisha, katika wanawake wote wa ngoma ile ni wawili tu waliokuwa wamekubali kupanda naye kilimani siku za mazoezi ya kujiokoa. Uni ndiye aliyekuwa mbele, akizitukana ngazi moja baada ya nyingine, na mizani ameiacha nyumbani.