Mzee Bakili na Bedford ya Marehemu

Mzee Bakili alifika kwangu Mfaranyaki siku ya Jumatatu, sanduku la spana begani, akakaa juu ya tofali apumzike kabla hata hatujasalimiana. Kutoka kwake hadi kwangu si mbali, ni mwendo wa kumaliza rozari moja, lakini alikuwa amesimama njiani mara tatu, mwenyewe aliniambia. Nikampa shikamoo, nikamletea chai ya rangi. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Songea mnaijua, akakishika kile kikombe kwa mikono yote miwili mpaka vidole vilipolegea.

Kazi niliyomwitia ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwa nyumba. Ni Bedford ya petroli, lori la zamani ambalo mume wangu Baltazar, Mungu amrehemu, alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama. Baltazar alifariki mwaka wa tisini na moja, na mwaka ninaousimulia ni wa tisini na tatu. Lori lilikuwa linawaka vizuri na tambarare linakwenda. Likiona kilima ndipo linakohoa, linapiga mshindo, linazima. Si ugonjwa wa jana. Kwa miaka mingi tulikuwa tukibeba nusu ya mzigo, na kwenye kilima Baltazar anaendesha polepole, mimi nashuka na kutembea nyuma na kipande cha gogo ili likizima nikisukumie chini ya tairi. Utingo hatukuwa naye, waliokuja walichoka wakaondoka. Kwa hiyo vilima vya kwenda Madaba na vya kwenda Lusewa ninavijua kwa miguu.

Mwanangu Dionis alikuwa ameanza biashara ya mahindi, maana siku hizo serikali ilishaacha watu wanunue na kuuza wenyewe. Alitaka gari la kupanda milima. Alikuwa amempata mtu wa upande wa Makambako anayenunua malori ya zamani na kuyakata, chesesi, ule mfupa wa chini, anatengenezea matela. Mtu huyo angekuja Jumamosi. Simlaumu mwanangu, alikuwa na watoto. Nikamwomba hiyo wiki moja tu, nimwite Mzee Bakili, na Dionis akakubali kwa kunionea huruma.

Mzee Bakili ni Myao wa kwetu Tunduru, kama alivyopenda kusema, ingawa Songea alikuwa amekaa miaka zaidi ya arobaini. Alianza utotoni kama utingo wa malori ya Lindi, ufundi akaupata kwa kulala chini ya gari na kutazama. Hakuwahi kukaa darasani. Wakati mmoja hapa mjini malori yalikuwa yakipanga foleni mbele ya kibanda chake nyuma ya soko. Halafu yakaja magari ya Kijapani ya dizeli, na vijana wa gereji, na Bedford zikafa moja moja. Kwa hesabu yake ilibaki hii yetu. Mke wake, Saada, alishatangulia mbele ya haki, na binti yake Mwanaisha alikuwa akimtumia salamu kila mara arudi Tunduru akakae kwenye shamba la mikorosho.

Alipomaliza chai aliniambia jambo hilo waziwazi, bila kulalamika. Lori hili likipanda kilima, yeye ataendelea kuwa fundi. Likikatwa, hana gari lingine la kutengeneza duniani.

"Nitafunga sanduku," akasema, "niende kwa Mwanaisha nikawe mzee wa kuwekewa chakula."

Dionis alipopita akamwamkia, kisha akamtania. "Mzee, wewe na hilo lori nani mkubwa?"

"Mimi," akajibu Mzee Bakili. "Lakini mimi vilima napanda."

Tulicheka. Mimi nilikuwa nimemwona alivyofika, nikacheka kidogo tu.

Alisema ugonjwa uko kwenye kabureta. Vijana wa gereji walishabadilisha plagi, platini na pampu ya petroli, hali ikawa ile ile. Akaifungua siku hiyo hiyo. Nilimpa sinia langu la bati, akakipanga kila kipande kwa mpangilio wake, akavisugua kwa petroli na mswaki wa zamani. Boya la shaba alilitumbukiza kwenye maji ya moto kuona kama litatoa mapovu. Halikutoa, lilikuwa zima. Vitundu vinavyopitisha petroli, vile vidude vidogo vya shaba ambavyo mafundi wanaviita jeti, alivitia mdomoni kimoja kimoja akavipuliza. Pumzi ikapita. Akavirudisha kwenye sinia.

Jumanne ilikuwa ya gasketi, karatasi ya kuzuia petroli isivuje, maana ile ya zamani ilikuwa imekauka na kukatika. Ya dukani haikuwepo Songea nzima. Nikamletea kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, karatasi yake nene. Akaigeuza, akaona picha ya Bikira Maria, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Huyu Bibi Mariamu hata sisi tunamheshimu. Mimi simtoboi. Tafuta boksi."

Nikatafuta boksi la sabuni. Mkasi wangu wa kushonea ukaishia kwenye kazi hiyo, na mpaka leo haukati kitambaa.

Jumatano wakalijaribu, Dionis akiendesha na magunia kumi nyuma. Mimi nilipanda nao, sikuweza kukaa nyumbani. Kwenye kilima cha kwenda Matogoro lori likaanza vizuri, nikaanza kimoyomoyo kumshukuru Mungu, ndipo likakohoa. Likapiga mshindo. Likazima mahali pale pale lilipozoea kuzima enzi za Baltazar. Nikashuka bila kuambiwa, nikatafuta jiwe la kuweka chini ya tairi. Mzee Bakili alibaki amekaa ndani, mikono juu ya mapaja, akitazama mbele kwenye kioo. Dionis hakumsema vibaya. Alisema tu, "Umejitahidi, mzee wangu," na nadhani maneno hayo yalimuumiza kuliko matusi. Tulirudi kinyumenyume mpaka tambarare.

Alhamisi hakuja. Nikaenda kwake baada ya misa ya asubuhi, nikamkuta ameketi mlangoni, sanduku limefungwa kamba. Niliuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, amechoka. Nikakaa naye. Baada ya muda akaniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote. Macho yake yalikuwa yamekwenda. Barabara aliiona, mtu alimwona, lakini kitu kidogo cha mkononi alikuwa anakijua kwa vidole na mdomo tu.

"Jeti sikuzitazama, Mama Dionis. Nilipuliza, pumzi ikapita, nikasema ziko sawa. Ningetazama na nini?"

Miwani yangu ya kusomea ilikuwa ndani ya mkoba, pamoja na kitabu cha sala. Mkono mmoja wa miwani nimeufunga uzi. Nikamvalisha. Akatazama kiganja chake, akakigeuza, akaendelea kukitazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akanyanyuka kufungua ile kamba ya sanduku. Mimi ndiye niliyelibeba mpaka nyumbani.

Adhuhuri aliswali kwanza, kwenye mkeka wangu, upande wa kivuli cha lori. Kisha akafungua kabureta upya. Nilikuwa nachambua dagaa wa Nyasa karibu naye, bila miwani, naacha mchanga mwingi kuliko ninaoutoa. Akaishika jeti kubwa, ile ambayo lori hunywea linapobeba mzigo, akaielekeza kwenye jua. Akaitazama muda mrefu. Akaishusha, akaifuta, akaitazama tena. Halafu akavua miwani.

Nikamuuliza kuna nini.

"Ndani ya shaba kuna risasi," akasema. Alimaanisha ile ya kulehemu, inayoyeyushwa kuziba matundu. "Mtu ameziba jeti hii, akaitoboa upya kwa sindano. Kitundu kimekuwa nusu."

Nikasema labda ni vijana wa gereji.

"Siyo vijana. Ni mimi."

Akanisimulia taratibu, na kadiri alivyosimulia na mimi nikaanza kukumbuka. Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, miaka ile ya shida, petroli inatolewa kwa kibali na debe moja linasubiriwa wiki mbili. Baltazar alimwendea amsaidie lori linywe kidogo. Wenye malori wengi walifanyiwa hivyo. Mzee Bakili akaiziba jeti kwa risasi, akaitoboa kwa sindano nyembamba, na kweli lori likanywa kidogo. Sindano ilitoka kwangu, nilikuwa nimesahau kabisa. Walikubaliana shida ikiisha aje aitoe. Shida ikaisha polepole, petroli ikajaa vituoni, na hakuna aliyekumbuka. Baltazar aliamini lori limezeeka. Mafundi waliamini injini imechoka. Mzee Bakili mwenyewe alisahau.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Lori zima, tukaliita gonjwa. Na wewe unatembea nyuma na gogo." Akayatazama magoti yangu. Alikuwa anajua kwamba kanisani siku hizi siwezi kupiga magoti, nakaa tu wakati wenzangu wamepiga. "Unisamehe."

Nisingesema kweli kama ningesema halikuniuma. Nilikumbuka jua la Lusewa, na Baltazar akichungulia dirishani kunitazama kama bado ninafuata, na mashairi ya kejeli ya watoto wa barabarani waliokuwa wakituimbia. Lakini nilikumbuka pia mwaka ule wa themanini na moja, jinsi tulivyofurahi lori liliporudi kutoka Madaba na petroli imebaki kwenye tangi. Tulilala tumeshiba kwa sababu ya kitundu hicho.

"Mwaka ule ulitusaidia, mzee," nikamwambia. "Nimekusamehe. Toa hiyo risasi."

Akaniomba jiko la mkaa. Akaishika jeti kwa koleo, akaiweka juu ya makaa mpaka risasi ikalegea, akaigonga kwenye jiwe. Likadondoka tone dogo la kijivu, dogo kuliko punje ya ulezi. Tukalitazama wote wawili, tukipokezana miwani. Kitu kidogo namna ile.

Ijumaa alifunga kila kitu, akaenda kuswali msikitini. Jumamosi yule mtu wa Makambako alifika mapema, akazunguka lori akiligonga gonga kwa kidole. Dionis akamwomba asubiri. Wakapakia magunia thelathini. Sikupanda. Nilitembea mpaka chini ya kilima cha Matogoro, nikasimama na Mzee Bakili pembeni ya barabara, mikono yangu mitupu.

Lori likapita mbele yetu, likaanza kupanda. Lilipofika mahali pake pa kuzimia moyo wangu ukasimama, lakini lenyewe halikusimama. Mlio ulibadilika, ukawa mzito, likaendelea kwenda mpaka likapotea nyuma ya kona. Tulibaki kusikiliza mpaka juu kabisa.

"Alhamdulillahi," akasema. Akakaa kwenye majani kama mtu aliyelibeba lori hilo mgongoni.

Dionis alirudi amebadilika sura. Akamwambia yule mgeni biashara haipo, na mbele yetu akamwomba Mzee Bakili awe fundi wa lori hilo siku zote. Nilifurahi, nikijua ndicho alichokitaka. Mzee Bakili akamshukuru, akakataa. Alisema lori sasa halina ugonjwa wa kumhitaji yeye, na kwamba fundi aliyesahau kazi ya mkono wake na macho hana, safari nyingine anaweza kumuua mtu kilimani. Dionis akabishana naye. Mimi sikubishana, maana nilikuwa nimeuona uso wake ile Alhamisi.

Wiki iliyofuata Dionis alikuwa na safari ya Lusewa kuchukua mahindi, na kutoka njia hiyo angempatia mzee gari la kumfikisha Tunduru. Mzee Bakili akapanda mbele, sanduku juu ya mapaja. Akanirudishia miwani dirishani. Nilimwambia akae nayo, nitapata nyingine.

"Utasomaje sala zako?"

"Nyingi nazijua kwa moyo."

Akaivaa pale pale, akaanza kutazama dashibodi, namba moja moja. Lori likaondoka. Nililifuata kwa miguu hatua chache, kwa mazoea tu, kisha magoti yakanikumbusha, nikasimama.