Farasi wa Maji na Chemchemi ya Mama

Meneja wa shamba la mkonge chini ya Mwatate alitoka nchi za baridi, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Alikuwa mrefu hata mwewe walimzunguka wakidhani ni mlima. Mimi, tunda la shule ya jioni, nilikuwa mkalimani wake: Kiswahili chake kilichovunjika nilikigeuza kuwa Kidawida, lugha yetu ya milimani.

Siku alipopanda kwetu kupima chemchemi, alimwambia mama, "Kwetu maji iko na mwenyewe. Yeye geuka farasi nyeupe, simama kando ya ziwa. Mtoto moja panda. Ingine kuja, mgongo kuwa refu. Kumi kuja, refu tu! Halafu ingia maji na wote."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Na mnamzuiaje?"

"Chuma!" Akachomoa kisu, akakichomeka katikati ya chemchemi. "Sasa mimi nafunga yeye."

Kicheko cha mama kilikatika. Kwetu chuma hakigusi chemchemi. Hata sufuria haichovywi, tunachota kwa kibuyu. "Mwambie akitoe, mwanangu. Atayafukuza maji."

Nikamwambia. Akakitoa, akakipangusa kwenye suruali, akaendelea kupima.

Kabla ya mvua kurudi, mabomba yake yalikuwa yamefika kwenye chemchemi yetu. Magimbi ya mama, ambayo jani lake moja lingeezeka kanisa, yakanyauka. Wazee wakasema ni kile kisu, chemchemi itakaswe. Mama akatoa mbuzi wake wa pekee. Tukamchinja, tukamwomba Mungu na wahenga pia, tope likabaki tope.

Nikawaambia wazee maji hayajakasirika, yamo bombani, yanaosha mkonge.

Mmoja akanitazama. "Na bomba lenyewe ni la nini, msomi?"

"La chuma."

"Haya basi."

Tangu hapo mama aliteremka hadi kwenye tangi la shamba kuomba maji yake mwenyewe. Meneja akamkuta kwenye foleni, uso umemng'aa. "Jambo, mama! Wewe nakumbuka farasi?"

"Muulize," mama akaniambia, "mgongo wake hurefuka mpaka wapi?"

Nikamuuliza. Akafikiri kwa heshima zote. "Mpaka hapana mtoto bakia kando."

Mama akageuka. Wanawake wa kijiji jirani, ambao bomba lilikuwa limefika kwenye chemchemi yao juma lile, walikuwa wanakuja na vibuyu. Akasogea, akawapa nafasi.