Kucha Tatu Chini ya Chungu

Hildegarda alijua kufinyanga kabla hajajua kusoma. Kwao Lumuma, mama yake, Bi Costancia, alimkalisha kando ya udongo, akampa donge la ukubwa wa ngumi, kisha akaendelea na kazi zake. Hakumshika mkono. Donge likikataa, mama alisema, "Livunje, anza tena," bila hata kugeuza shingo. Ulipita karibu mwaka mzima. Siku kilipopatikana kichungu kilichosimama bila kuegemea kitu, mama alikiinua, akakipindua, akasema, "Weka kucha yako hapa chini."

Wanawake wa pale walichoma vyungu kwa pamoja, vya nyumba tano au sita katika shimo moja, na moto ukishazima chungu cha huyu na cha yule hufanana kama mapacha. Kwa hiyo kila mmoja aliacha alama kwenye kitako, udongo ungali mbichi. Bi Costancia aliweka kucha tatu na kitundu kimoja cha unyasi. Hildegarda alichagua kucha mbili zinazotazamana. Asubuhi ya kutoa vyungu, kila mwanamke alipindua, akatazama, akachukua chake. Kama chake kimepasuka, alichukua vigae vyake akaenda navyo nyumbani, akavisaga kwenye jiwe, akavichanganya na udongo mpya ili uvumilie moto. Hakuna aliyewahi kuondoka na chungu kizuri cha jirani. Jambo hilo halikuhubiriwa kanisani wala kubandikwa ukutani. Lilikuwa kazi tu.

Alipofika miaka thelathini na minane alikuwa Mikumi, akiuza vyungu vya maua kando ya barabara kuu na kumlea mwanawe Jastin peke yake. Hapo ndipo Mwalimu Fortunatus alipomkuta. Alikuwa mkuu na mmiliki wa shule binafsi ya bweni iliyo nje kidogo ya mji, shule yenye bango kubwa lililoandikwa Mikono, Akili, Tabia. Alisimamisha gari, akashuka, akashika chungu kimoja kwa mikono yote miwili.

"Umefanya mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, mkuu. Ila cheti cha ualimu sina, kama ndiko unakoelekea."

"Vyeti vimejaa ofisini kwangu," alisema akicheka. "Mimi natafuta mikono."

Wakakubaliana. Hildegarda atafundisha ufinyanzi kwa mwaka mmoja wa majaribio, kisha apewe mkataba wa kudumu. Na muda wote atakaokuwa hapo, Jastin atasoma bure. Siku mtoto alipovaa sweta ya shule kwa mara ya kwanza, mikono ikiwa mirefu hadi kwenye vidole, Hildegarda aliikunja mara mbili, akageuka upande ili mtoto asimwone akifuta macho.

Banda lake lilikuwa nyuma ya jiko la shule. Darasa la sita, watoto thelathini na mmoja, waliingia siku ya kwanza wameshikilia sketi na kaptula zao kama watu wanaovuka matope.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Kaeni chini."

"Madam, udongo huu unanuka mto."

"Umetoka mtoni. Ungenuka manukato, mimi ndiye ningekimbia wa kwanza."

Wakacheka, wakakaa. Baada ya wiki tatu ilikuwa kazi kuwatoa mle bandani.

"Madam, changu kinasinzia," alisema Cosmas, mtoto mnene asiye na subira.

"Hakisinzii," akadakia Yusrah. "Kimezimia. Kipelekeni zahanati."

Yusrah alikuwa binti wa muuza vipuri wa Kilosa mjini, mjukuu wa mfanyakazi wa reli. Mdomo wake ulikuwa mwepesi na vidole vyake vizito, na chungu chake kiliinamia kushoto hata alipokirudia mara nne. Hakukasirika. Alikivunja, akaanza tena, na mara ya tano kikainama kidogo zaidi ya mwanzo, naye akasema, "Basi ndivyo kilivyo," akakiwekea alama: ukucha wa kidole gumba, uliojipinda kama mwezi mwandamo.

Hildegarda aliwaeleza habari ya alama kama alivyoelezwa yeye. "Moto unaweza kukichukua chungu chako," aliwaambia. "Alama yako hauigusi. Hata kwenye kigae utaikuta."

Siku moja Yusrah alimfuata akiwa peke yake, mikono nyuma.

"Madam, nimekanyaga chungu cha Cosmas. Hakuna aliyeniona."

"Sasa mbona unaniambia?"

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Kwa sababu atafikiri kimepasuka chenyewe. Ataanza kufikiri hajui kufinyanga."

Jioni ile Hildegarda alitoa kadi ya tabia ya Yusrah. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi yake, iliyorudi nyumbani mwisho wa muhula: usafi, bidii, ushirikiano, uaminifu. Kwenye uaminifu akaandika A, taratibu, kama mtu anayeweka kucha.

Kisha ikatangazwa siku ya wazazi. Mkuu alitaka vyungu thelathini na kimoja mezani, kila kimoja na jina. Lakini masika yaliwahi mwaka ule. Mawingu yalishuka kutoka milimani yakakaa, na vyungu vikawa baridi kwenye rafu za banda, vimekauka nje tu. Hildegarda alivigusa kwa shavu, kama anavyofanya mama yake, akasikia unyevu wa ndani.

"Mkuu, nipe wiki mbili."

"Kadi za mwaliko zimeshatoka, madam. Choma."

Angeweza kukataa. Kule Lumuma hakuna ambaye angethubutu kuwasha moto kwa udongo ule. Wanawake wangemcheka mpaka uzeeni. Lakini Lumuma hakukuwa na mkataba mezani wala sweta ya Jastin. Akachoma. Watoto walisimama mbali kidogo, wakausikia mlipuko wa kwanza, wa pili, kisha ikawa kama bisi. Asubuhi walipopangua majivu, vilikuwa vimebaki vizima vinane. Chungu cha Yusrah kilikuwa vipande viwili vikubwa, mwezi wake ukiwa mzima kwenye kimoja. Alikifunga kile kigae kwenye leso.

"Tuvisage leo, madam?"

"Tutavisaga."

Hildegarda akaenda ofisini na mpango wake. Wazazi waonyeshwe vinane vilivyopona pamoja na vigae vya vile ishirini na tatu. Watoto waeleze kwa nini vilipasuka, kisha wavisage mbele ya wazazi na kuanza upya. "Hilo ndilo somo lenyewe, mkuu," alisema. "Kupona na kupasuka vyote ni vyao."

Fortunatus alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza.

"Madam Hildegarda, mzazi hatoki Dar es Salaam kuja kutazama vigae. Dereva Simoni ameshakwenda Kilosa na gari. Vitapatikana."

"Vitapatikana wapi?"

"Sokoni. Chungu ni chungu." Akafungua faili, akalifunga. "Mkataba wako ninao hapa, hatutasubiri mwaka uishe, nausaini wiki ijayo. Jastin anaendeleaje? Namwona amependa hesabu."

Asubuhi ya siku yenyewe Hildegarda alikuwa ukumbini akifunga majina kwa uzi kwenye vyungu alivyoleta Simoni. Vilikuwa vizuri, shingo zimenyooka, vimesuguliwa kwa jiwe hadi vikang'aa. Mikono yake ilivitambua kabla ya macho. Alipindua kimoja. Kucha tatu, kitundu kimoja. Akapindua cha pili, cha tatu. Mama yake alikuwa amejipanga mezani, chungu baada ya chungu, chini ya majina ya watoto wa watu.

Angeweza kuvikusanya. Angeweza angalau kusugua zile alama kwa kisu. La kwanza lilihitaji ushujaa, na la pili mikono yake ilikataa. Kwa hiyo hakufanya lolote. Alifunga uzi wa mwisho, wenye jina la Yusrah, akaenda kunawa.

Wazazi walijaa. Mkuu alizungumza juu ya elimu ya vitendo, juu ya mtoto anayejengwa tabia na kazi ya mikono yake mwenyewe, wakapiga makofi. Kwaya ya darasa la tano iliimba. Jastin alikuwa mstari wa mbele, mikono ya sweta imekunjwa mara mbili. Kisha wazazi wakazunguka mezani. Watoto wengi walisimama nyuma ya vyungu vyao wakitazama viatu. Cosmas aliulizwa na shangazi yake, akasema, "Ndiyo, changu," kwa sauti ya mtu mwenye kibanzi cha mwiba mguuni.

Baba yake Yusrah, mtu mpole mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, aliinama kwenye chungu cha binti yake.

"Mashaallah. Hiki umekifanya wewe?"

Yusrah alikipindua. Alifanya kama alivyofundishwa, bila haraka. Akatazama kitako, akakirudisha mezani.

"Hapana, baba. Si changu. Changu kilipasuka, ninacho bwenini kwenye leso."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, lakini watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Mkuu alikuja akitabasamu.

"Watoto bwana. Yusrah, jina lako si hili hapa?"

"Jina ni langu. Alama si yangu."

"Madam, hebu tusaidie," mkuu alisema. "Wewe ndiye fundi."

Hildegarda alikichukua kile chungu. Hakuhitaji kukipindua. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kucha tatu, na kilizipitia moja moja, kama mtu anayepapasa uso gizani. Katika ukumbi ule mzima hakuna mtu mwingine aliyejua udongo. Lolote atakalosema litakuwa kweli. Aliinua macho akamwona Jastin, amesimama na kwaya, anamtazama kwa fahari kwa sababu mama yake ameitwa mbele.

"Ni chake," alisema. "Moto ukiwa mkali, alama hubadilika."

Watu wakapumua. Yusrah hakulia. Alimtazama tu, uso umefunguka, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

"Madam, si ulisema moto hauigusi?"

Baba yake alimwekea mkono begani. "Inatosha. Mwalimu wako habishiwi."

Jumatatu Yusrah alimfuata bandani, mikono nyuma kama siku ile nyingine.

"Madam, baba amesema nije niombe msamaha. Samahani, nilisahau alama yangu."

Hildegarda alikuwa amepitisha siku mbili akipanga maneno ya kumwambia. Alikuwa ameyapata, machache na mazuri. Nje ya banda mkuu alikuwa akipita na mgeni, akimwonyesha bustani ya mboga.

"Nimekusamehe," alisema Hildegarda.

Wiki ile ile alitakiwa kurekebisha kadi ya tabia. Mwanafunzi alimpinga mwalimu hadharani, mkuu alisema, na A ya uaminifu haiwezi kukaa hapo. Hildegarda alijaribu kuifuta, karatasi ikachubuka. Akachukua kadi mpya, akanakili usafi, bidii, ushirikiano kama vilivyokuwa, akaandika C. Mkataba ukasainiwa Ijumaa.

Mama yake alimpigia simu siku chache baadaye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yule mchuuzi wangu wa Kilosa anasema gari la shule lilizoa vyungu vyangu vyote. Si shule yako hiyo?"

"Ndiyo mama."

"Wamevipeleka wapi?"

"Wanafundishia watoto."

Sauti ya Bi Costancia ililainika. "Basi vimefika pazuri. Mimi nilidhani vitapandwa maua."

Muhula uliofuata mvua zilikuwa zimekwisha na udongo ulikauka vizuri. Hildegarda alifundisha kama zamani, ila habari ya alama aliipitia harakaharaka, macho yakiwa kwenye maji ya ndoo. Hata hivyo watoto waliweka alama zao, kwa mazoea. Watoto walipomaliza kufinyanga alipita kwenye rafu akipindua chungu kimoja kimoja. Cha Cosmas kilikuwa na kucha tano, kama mguu wa paka. Kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko vyote: kimenyooka, shingo sawa, hakikuinama popote. Akakipindua. Chini palikuwa laini, pamesuguliwa kwa jiwe la mtoni, hapana kitu.

"Hiki cha nani?"

"Changu, madam," alisema Yusrah.

"Alama yako iko wapi?"

Yusrah alikuwa akinawa. Alijibu kwa adabu, bila kejeli, kama mwanafunzi anayejibu swali alilolisoma vizuri.

"Haina haja, madam. Kikipasuka, mtaleta kingine."

Cosmas alicheka, kisha akaacha. Hildegarda alibaki na kile chungu mkononi. Udongo ulikuwa bado mbichi; ukucha ungeingia. Alikishika hivyo kwa muda, kitako kikimtazama, mpaka kengele ya chakula ikalia na watoto wakatoka. Kisha akakirudisha kwenye rafu, upande wa kivuli, akakiacha kikauke.