Kitambaa Kwanza, Gunia Baadaye

Zamani, kabla sijaoa, nilishusha ufuta kwenye ghala moja la Nachingwea. Uliegemezwa ubao kwenye lori, magunia yakateleza hadi ndani. Tulisukuma wawili, mimi na mwenzangu mmoja Mmakua, mtu wa tumbaku sana, lakini huyo tumwache. Kila gunia lilitakiwa kufungwa kipande cha kanga ya mama mwenye shamba, ndiyo alama ya nyumba. Mimi nikaona kufunga kunachelewesha. Nikawa natupa kitambaa kwanza, gunia linafuata. Naye akaiga. Huko ndani kikafika kitambaa changu, kitambaa chake, gunia lake, gunia langu. Kina mama wa Mtua, wenye ufuta ule, walitutukana hadi adhuhuri.

Nimeyakumbuka hayo mwaka huu, mwanangu alipokuja kwangu Nanganga na kompyuta yake. Tangu mama yake afariki nyumba hii ina mtu mmoja, mimi. Alikuwa akiandika programu ya mizani mbili za ghala la Ruangwa, kwa lugha waiitayo C. Ikikaa sawa ataondoka, alisema. Kila mizani inaandika lebo, halafu uzito, vyote kwenye bomba moja lililo ndani ya kompyuta, na upande wa pili yupo msomaji mmoja. Sasa uzito wa ufuta ukawa unatokea kwenye lebo ya korosho.

"Bomba likijaa je?" nikamuuliza.

"Anayeandika anasubiri, baba."

"Na msomaji asipokuwepo?"

"Anayeandika anakufa."

"Basi mimi maiti wa siku nyingi."

Akacheka. "Mzee, una maneno."

Kosa lake nililijua siku ileile. Nikanyamaza. Siku nne nimenyamaza, nachemsha mihogo ya watu wawili, nasikia mtu akikohoa chumba cha pili. Sifichi, nilitaka kazi yake izidi kuharibika. Siku ya tano nikamkuta kainamia meza, chai imepoa, haya zikanishika.

"Kitambaa unakifunga kwenye gunia, au unakitupa kwanza?" Nikamsimulia ule ubao.

Akaivuta kompyuta karibu. Kisha akaiweka lebo, idadi ya herufi za uzito na uzito wenyewe mahali pamoja, akaandika kwa mkupuo mmoja. "Kifurushi kidogo kikienda kizima hakiingiliwi, baba." Akajaribu tena na tena. Hakikuchanganyika kitu.

Akaitia kompyuta begini. Nikamwambia mihogo inakaribia kuiva.

"We kula tu, baba."

Akapita katikati ya mikorosho kuelekea barabarani, hakugeuka, na hajarudi.