Moto wa Kijani Mlangoni kwa Mama

Harufu ya plastiki inayoungua hunirudisha mtaani Kawangware, kwenye ploti ya vyumba vya mabati tulikopanga miaka ya sabini, nikiwa msichana wa darasa la nne. Baba alinunua nyaya kuukuu za umeme kule Kibera, akazichoma nyuma ya nyumba mpaka maganda yaishe, kisha akauza shaba iliyobaki. Majirani walikohoa na kunung'unika, naye alicheka tu. Mama alipika chapati mlangoni, na chapati zake, sisemi kwa sababu ni mama yangu, zilipendwa hata na watu waliokwisha kushiba.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, jiko lake la makaa lilitoa ndimi za kijani. Kijani kabisa, kama sukuma wiki mbichi. Wateja waliacha chapati kwenye sahani wakaondoka. Mwenye ploti, Mama Njoki, mjane aliyeimba kwaya, alikuja, akatazama, akarudi nyuma. "Mama Nekesa, mimi ni mtu wa kanisa. Uchawi sitaki kwa ploti yangu. Mwezi ukiisha, uhame." Mama alilia huku mikono yake ikiwa bado na unga. Niliogopa sana, maana mlango ule ndio uliotulisha.

Aliyetuokoa ni dada yangu Nekesa, wa kidato cha pili, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alichungulia gunia la makaa, akamgeukia Baba. "Kwani hili gunia ulikuwa umeweka nini?" Baba akakuna kichwa. Alikuwa amelibebea shaba yake iliyochomwa, na vumbi lake lilikuwa limebaki humo. Jioni Nekesa aliwaita wapangaji wote. Alimwomba Mama Njoki chumvi ya jikoni kwake mwenyewe, ili asiwepo wa kusema tumeitia dawa. Akainyunyiza kwenye makaa, moto ukawaka njano iliyokolea. Akatupia vumbi la gunia, ukawa kijani. "Kila kitu kikipata moto kinatoa rangi yake," alisema kwa sauti ya mwalimu wake. "Chumvi iko na yake, shaba iko na yake. Hakuna uchawi hapo." Watu walisukumana wakitaka arudie. Mama Njoki akaanza kujigamba: "Hiyo ya njano ni chumvi yangu! Mmeona? Ni yangu!" Kesho yake alikuwa wa kwanza kununua chapati, na habari ya kuhama haikutajwa tena.

Leo nafanya kazi kwenye maabara ya kupima madini. Mashine huchoma sampuli, kisha hutawanya mwanga wake kuwa mistari ya rangi, na kila elementi hujulikana kwa mistari yake. Ni kazi safi, ya uhakika, ya kimya. Ploti yetu imekuwa ghorofa, watu wanapikia gesi. Nekesa tulimzika kabla hajaiona mashine hii, ambayo angeiuliza maswali mpaka ichoke. Namkosa sana. Nikipima chumvi, hutokea mistari miwili ya njano iliyokaribiana mno. Huitazama peke yangu, na hakuna anayenisukuma ili naye aone, wala anayepiga kelele kwamba ni yake.